Buchach: Mji uliobadilishiwa watu wake

Watawala wa zamani wa mji huu mdogo wa magharibi mwa Ukraine walikuja na daftari la kodi. Wale wa karne ya 20 walikuja na orodha ya majina.

Oktoba 18, 1672, Mfalme Michał Korybut Wiśniowiecki wa Poland alinunua amani. Bei ilikuwa taleri 22,000 kila mwaka, zilipwe kwa Sultani Mehmed IV wa Waturuki, ambaye mwezi Agosti jeshi lake lilikuwa limeiteka ngome ya Kamianets. Juu ya fedha hizo, Poland ilikubali kuliachia jimbo zima la Podolia. Makubaliano yalifungwa katika mji mdogo ulio kwenye bonde la mto Strypa, na mpaka leo wanahistoria huyaita Mkataba wa Buchach.

Bunge la Poland liliukataa mkataba huo, vita vikaendelea, na kabla muongo haujaisha Waturuki walikuwa wameurudia mji na kuuchoma. Mwaka 1699 Mkataba wa Karlowitz uliirudisha Podolia mikononi mwa Poland. Kwa mkazi wa kawaida wa Buchach, swali la miaka yote hiyo lilikuwa moja: mwaka huu kodi inapelekwa kwa nani?

Karne mbili na nusu baadaye walikuja watawala wenye swali jingine: ninyi ni akina nani? Wazee wa mji walikuwa wanajua namna ya kulijibu lile la kwanza. Hili la pili liliwamaliza.

Mji wenye mwenyewe

Buchach, ambao Wapolandi huuandika Buczacz, umo katika mkoa wa Ternopil na una wakazi wapatao 12,000. Mto Strypa unapita chini, na juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya ukoo wa Buczacki, mabwana wa kwanza wa mji. Mwanzoni mwa karne ya 17 mali hiyo ilihamia kwa ukoo wa Potocki, mojawapo ya koo tajiri kabisa za Poland. Neno mali hapa si la kutia chumvi. Mji ulikuwa na mwenyewe, pamoja na soko lake, vinu vyake na haki ya kupika pombe.

Baada ya vita vya Waturuki, Potocki alibaki na kuta zilizoungua na watu wachache. Mwaka 1699, Stefan Potocki aliwathibitishia Wayahudi wa Buchach hati ya haki zao za kuishi, kuabudu na kufanya biashara. Haukuwa ukarimu. Mji usio na wafanyabiashara hauna ushuru, na bwana asiye na ushuru hana ubwana. Mwaka 1712 akawakaribisha watawa wa Mtakatifu Basili, wa Kanisa Katoliki la ibada ya Kigiriki, ambalo ndilo kanisa la Waukraine wengi wa eneo hilo. Monasteri yao ipo hadi leo.

Hivyo jamii tatu zikaishi pamoja. Wapolandi, Wakatoliki wa ibada ya Kilatini, walikuwa mabwana, makarani na baadhi ya mafundi. Wayahudi waliendesha maduka, karakana na vilabu vya pombe. Waukraine, ambao siku hizo waliitwa Warutheni, walijaza vijiji vilivyouzunguka mji na kuingia sokoni na nafaka na mifugo. Lugha tatu zilisikika katika gulio moja, na mfanyabiashara asiyejua kuhesabu kwa zote tatu alipata hasara.

Wakati huo nao hautakiwi kupambwa. Wanavijiji wengi walikuwa watwana waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wakimfanyia kazi bila malipo siku kadhaa kila wiki. Myahudi aliyekodi kinu au kilabu alikuwa akimkusanyia bwana fedha kutoka kwa mtwana, na chuki ya mtwana mara nyingi iliishia kwa mkusanyaji badala ya kufika kwa bwana. Mbegu hiyo ilibaki ardhini muda mrefu.

Katikati ya karne ya 18, Mikołaj Potocki, tajiri mwenye vituko aliyeliacha kanisa la Kilatini na kuingia lile la ibada ya Kigiriki, aliamua kuupamba mji. Msanifu wake alikuwa Bernard Meretyn, na mchongaji wake Johann Georg Pinsel, mtu ambaye asili yake haijulikani lakini ambaye alifanya kazi, akaoa na kuishi Buchach. Jumba la mji walilolijenga wawili hao, lenye mnara wa mita kama 35 na sanamu zilizojikunja kana kwamba upepo unazipiga, ni kubwa mno kwa mji wa ukubwa ule. Mwishoni mwa 2012 sanamu za Pinsel zilizokusanywa kutoka Ukraine na kwingineko zilionyeshwa katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Karani wa Kaizari

Mwaka 1772, Urusi, Prussia na Austria zilimega vipande vya Poland. Buchach ikaangukia Austria, katika jimbo jipya lililopewa jina la Galicia. Utawala huu ulidumu karibu karne moja na nusu, na ndio ulioanza kuwaandika watu mmoja mmoja.

Dola ya Vienna ilitaka askari na kodi, na ilitaka kumjua anayedaiwa. Mwaka 1787 Kaizari Joseph II aliwaamuru Wayahudi wote wachukue majina ya ukoo ya kudumu. Baadaye, kuanzia sensa ya 1880, kila mkazi aliulizwa lugha anayoitumia kila siku. Kiyidi, lugha iliyozungumzwa na Wayahudi wengi wa Buchach nyumbani, hakikuwemo katika orodha ya lugha zilizokubaliwa. Kwa hiyo Myahudi aliandikwa kuwa msemaji wa Kipolandi au wa Kijerumani, na wanasiasa wa Kipolandi wakazitumia takwimu hizo kuonyesha kwamba Galicia ni yao.

Hapo daftari lilianza kubadilika kazi. Tangu miaka ya 1860 Austria ilikuwa imewaachia Wapolandi uendeshaji wa Galicia, na Kipolandi kikashika nafasi ya Kijerumani maofisini. Waukraine, walioachiwa huru kutoka utwana mwaka 1848, walianza kufungua vyumba vya kusomea, vyama vya ushirika na shule zao. Kila upande ulitafuta idadi. Idadi ilileta viti bungeni, na viti vilileta shule.

Pamoja na hayo, huo ndio wakati ambao Buchach ilistawi kuliko wakati wowote. Reli ilifika mwaka 1884, na mwishoni mwa karne mji ukapata shule ya sekondari ya serikali iliyosomesha vijana wa jamii zote tatu. Kwa miongo kadhaa meya alikuwa Myahudi, Bernard Stern. Kufikia 1910 wakazi walikuwa takriban 14,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wayahudi.

Ndani ya miaka 21 mji huu ulizaa watu watatu ambao dunia ingekuja kuwajua. Mwandishi Shmuel Yosef Agnon alizaliwa hapo mwaka 1887, akaondoka kijana kwenda Palestina, na mwaka 1966 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Vitabu vyake vinaurudia Buchach mara kwa mara. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum alizaliwa mwaka 1900. Ndiye aliyeongoza kikundi cha siri kilichokusanya kumbukumbu za maisha ndani ya ghetto ya Warsaw na kuzifukia katika masanduku ya bati na makopo ya maziwa, ambayo sehemu yake ilifukuliwa baada ya vita. Simon Wiesenthal, aliyetumia maisha yake kuwasaka wahalifu wa Kinazi, alizaliwa siku ya mwisho ya 1908. Mmoja aliandika hadithi, wa pili alihifadhi karatasi, wa tatu alikusanya majina ya wauaji.

Mara 13 katika miaka 30

Agosti 1914 Warusi waliingia. Mwaka 1915 Waaustria na Wajerumani wakaurudisha mji, na mto Strypa ukawa mstari wa mbele wa vita. Mwaka 1916 Warusi wakaja tena, 1917 wakafukuzwa. Novemba 1918 dola ya Kaizari ilikufa, na Waukraine wakatangaza Jamhuri ya Watu wa Ukraine Magharibi, Buchach ikiwemo. Haikumaliza mwaka: Julai 1919 jeshi la Poland liliivunja. Majira ya joto ya 1920 Jeshi Jekundu likafika na kuunda serikali ya Kisovieti yenye makao Ternopil, iliyodumu miezi miwili hivi kabla Wapolandi hawajarudi. Halafu Wasovieti mwaka 1939, Wajerumani 1941, Wasovieti Machi 1944, Wajerumani tena Aprili, na Wasovieti kwa mara ya mwisho Julai 1944.

Ukihesabu, mamlaka yalibadilika mikono mara 13. Kila mara, kundi moja lilitoka nje likishangilia na mengine yakafunga madirisha. Wahenga wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Buchach kila jamii ilimsubiri mgeni wake, na kila mgeni alipofika alimponya mwenyeji mmoja kwa kumuumiza mwingine. Mtawala aliyefuata aliwaadhibu waliomshangilia aliyetangulia.

Poland iliyotawala kati ya vita viwili vya dunia haikuwa na nia ya kuwaua raia wake, lakini ilitaka mji uwe wa Kipolandi. Sheria ya 1924 iligeuza shule nyingi za Kiukraine kuwa za lugha mbili, na kwa vitendo Kipolandi kikatawala. Maaskari waliopigania Poland walipewa mashamba katika eneo ambalo wakulima wa Kiukraine walikuwa na njaa ya ardhi. Mwaka 1930, baada ya wazalendo wa Kiukraine kuchoma mali za Wapolandi, polisi na jeshi walivamia vijiji, wakachapa watu na kuharibu maktaba na maduka ya ushirika. Vijana wengi wa Kiukraine waliotoka katika miaka hiyo hawakutaka tena kusikia habari za kuishi pamoja.

Kutoka Strypa hadi Tengeru

Septemba 17, 1939, Jeshi Jekundu lilivuka mpaka kwa makubaliano na Hitler. Serikali mpya iliendesha uchaguzi usio na mpinzani, ikafuta sarafu ya zloti na kuweka rubo, ikataifisha maduka, na kuwapa watu pasipoti zenye mstari wa taifa: Mpolandi, Mukraine, Myahudi. Mstari huo ungeweza kuamua mahali pa kulala.

Februari 10, 1940, katika baridi kali, askari wa usalama walizunguka nyumba za maaskari-wakulima na walinzi wa misitu wa Kipolandi kote mashariki mwa nchi. Familia zilipakiwa katika mabehewa ya mizigo kwenda Siberia na kaskazini mwa Urusi. Aprili zikafuata familia za waliokamatwa, nyingi zikipelekwa Kazakhstan. Juni ikawa zamu ya wakimbizi waliotoka magharibi mwa Poland, wengi wao Wayahudi.

Hapa historia ya nchi hizo za mashariki inaingia moja kwa moja katika yetu. Hitler alipoishambulia Urusi mwaka 1941, Stalin aliwaachia Wapolandi wengi waliohamishwa. Makumi ya maelfu walishuka kusini hadi Iran pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders, na kutoka huko wanawake na watoto wapatao 18,000 waliletwa Afrika. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea takriban 5,000. Wengine walipelekwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na nchini Uganda walipelekwa Koja na Masindi, ambako kanisa walilolijenga Nyabyeya linaendelea kutumika. Makaburi yao ya Tengeru yapo na yanatunzwa.

Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi. Mikoa waliyotoka, ukiwemo huo wa Ternopil, ilikuwa imeingizwa katika Umoja wa Kisovieti, dola ileile iliyowapakia kwenye mabehewa. Wakatawanyika kwenda Uingereza, Kanada na Australia.

Kilima cha Fedir

Wajerumani waliingia Buchach mwanzoni mwa Julai 1941. Waukraine wengi waliwapokea kama wakombozi, hasa baada ya kuona jinsi polisi wa siri wa Kisovieti walivyowaua wafungwa kabla ya kukimbia. Wayahudi waliandikishwa na kuvalishwa kitambaa chenye nyota ya Daudi mkononi. Mwishoni mwa Agosti mamia ya wanaume, wengi wao wasomi na mafundi, waliitwa kana kwamba wanakwenda kazini. Walipelekwa kilima cha Fedir, juu ya mji, wakapigwa risasi.

Oktoba na Novemba 1942 maelfu walipelekwa kwa treni hadi kambi ya Bełżec na kuuawa kwa gesi. Lakini karibu nusu ya Wayahudi wa Buchach hawakupanda treni yoyote. Waliuawa hapo hapo, kilimani Fedir na kwenye makaburi ya Wayahudi, mahali ambapo mji mzima uliweza kusikia milio. Wauaji walikuwa maafisa wachache wa Kijerumani wenye kituo mji jirani wa Chortkiv, wakisaidiwa na polisi wenyeji waliowajua waliowakamata kwa majina, na pengine walikaa nao dawati moja shuleni.

Mwanahistoria Omer Bartov, ambaye mama yake alikulia Buchach, alikusanya ushahidi kwa miaka mingi kabla ya kutoa kitabu chake juu ya mji huo mwaka 2018. Jambo analolisisitiza ni huo ukaribu. Mauaji ya Buchach hayakufanyika nyuma ya ukuta wa kiwanda cha kifo. Jirani alimsaliti jirani, na mara nyingine jirani huyohuyo, kwa mkate au kwa huruma, alimficha jirani.

Machi 1944 Jeshi Jekundu lilipofika, Wayahudi wapatao 800 walitoka mashimoni na mahandakini. Wiki chache baadaye Wajerumani walirudi na kuwaua wengi wao. Wasovieti waliporejea Julai, waliokuwa hai hawakufika 100. Kwa jumla, Wayahudi kama 10,000 wa Buchach na vijiji jirani waliangamizwa.

Wapolandi walifuata kuondoka. Wapiganaji wa Jeshi la Waasi la Ukraine, UPA, walikuwa wakishambulia vijiji vyao ili nchi wanayoipigania isibaki na mdai mwingine. Usiku wa kuamkia Februari 13, 1945, kijiji cha Puźniki, katika wilaya ya Buchach, kiliteketezwa na makumi ya watu kuuawa. Wakati huohuo, kwa mkataba wa Septemba 1944 wa kubadilishana watu, Wapolandi walikuwa wakisafirishwa kwa treni kwenda magharibi, wengi katika nyumba za Wajerumani waliofukuzwa huko Silesia.

Waukraine waliobaki nao hawakuachwa. Mwaka 1946 kanisa lao la ibada ya Kigiriki lilipigwa marufuku, na Oktoba 1947 pekee zaidi ya watu 70,000 wa magharibi mwa Ukraine, wengi wao familia za wapiganaji, walipelekwa Siberia na Kazakhstan. Kufikia 1950, Buchach ulikuwa, kwa mara ya kwanza katika historia yake, mji wa taifa moja. Kiu ya watawala wote wa karne hiyo ilitimia kwa mtindo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupanga peke yake.

Nani anahesabiwa

Sinagogi kuu la karne ya 18 lilibomolewa na Wasovieti. Nyumba ya masomo iliyokuwa kando yake ilisimama hadi 2001, miaka kumi baada ya uhuru wa Ukraine, kisha nayo ikabomolewa. Kilimani Fedir mnara wa wapiganaji wa UPA unaonekana kwa urahisi, ilhali jiwe la Wayahudi waliouawa mwaka 1941 limo ndani ya msitu. Kwa upande mwingine, siku hizi Agnon ana sanamu mjini kwao, na wapo wenyeji wanaosoma na kufundisha habari zake.

Mwaka 2025, baada ya miaka ya mabishano kati ya Kyiv na Warsaw, wataalamu wa nchi zote mbili walifukua kaburi la pamoja Puźniki. Yalipatikana mabaki ya watu wasiopungua 42. Sampuli za vinasaba za jamaa zilikusanywa ili wafu watambuliwe, na Septemba mwaka huo wakazikwa kwa heshima. Kazi hiyo ilifanyika Ukraine ikiwa vitani na Urusi, ambayo katika maeneo iliyoyateka tangu 2022 imeanza na vitu ambavyo mzee wa Buchach angevitambua mara moja: pasipoti mpya, rubo na mtaala mpya wa shule.

Mtawala anayetaka kodi anaweza kuwa katili, kama Potocki alivyoweza kuwa kwa mtwana wake, lakini anahitaji mtu huyo awe hai mwakani. Anayetaka mji wa damu moja hana haja hiyo. Ndiyo maana sultani, mabwana na makaizari waliupitia Buchach kwa karne nyingi na watu wake wakabaki, na miaka 30 tu ya orodha za mataifa ikauacha na majumba yaleyale na watu wengine.

Puźniki imeonyesha kwamba orodha ya majina inaweza pia kuandikwa kwa ajili ya waliokufa, tena na mataifa mawili yaliyokuwa yakilaumiana. Kilima cha Fedir bado kinaidai Buchach orodha ya namna hiyo. Itakuwa ndefu zaidi, na watakaoiandika ni wajukuu wa waliobaki.